MREJESHO: Mkutano wa video vituo vitatu umekubali
Wakuu nimerudi. Niliuliza kwa nini kituo cha 3, kile cha nje, kikipiga kwenye MCU (mashine inayounganisha vituo vyote kwenye mkutano mmoja) simu inapokelewa ila picha na sauti hakuna, wakati wale wawili wa mtandao wa ndani wanaonana freshi. Kumbe kwenye faiawoli (ulinzi unaochuja mawasiliano ya mtandao) nilifungua poti, yaani mlango wa mawasiliano, ya TCP 1720 tu nikadhani basi, na hiyo ni ya kuanzisha simu ya H.323 (kanuni za simu za video) tu, picha na sauti zinapita poti nyingine, za UDP, na faiawoli ilikuwa inazizuia. Nimefungua renji yote ya poti iliyo kwenye MCU, halafu sehemu ya NAT (kubadili anwani za ndani na za nje) nikajaza IP, yaani anwani ya mtandao, ya nje maana MCU ilikuwa inatangaza ile ya ndani ya 192.168, sasa kituo cha mbali kitaifikiaje? Jana tumeongea saa nzima bila kukatika. Aliyeniambia nianze na NAT, asante sana aisee.