Naomba ushauri: gauni jeupe la kuingizwa sororiti

Habari zenu wadau. Mdogo wangu anasoma Marekani na anakaribia kuingizwa rasmi kwenye sororiti, vile vyama vya mabinti wa vyuoni. Masharti aliyopewa: gauni jeupe pee lisilo na maua, lifike magotini, mikanda ya mabegani isipungue upana wa vidole viwili, viatu vyeupe au vya rangi ya mwili.

Kinachonisumbua ni kitambaa. Pamba nyepesi isiyo na bitana inaonyesha kila kitu taa ikiwa nyuma yako, na sidiria nyeupe ndiyo huonekana zaidi. Ya rangi ya ngozi yake mwenyewe hupotea kabisa. Shifoni nayo huvutika na kutoboka beji ya chama ikichomekwa kifuani, labda ashonewe kipande cha kitambaa kizito kwa ndani. Rangi ya maziwa nimemkataza, ikikaa kando ya nyeupe inaonekana kama imechakaa.

Sasa, yeye anavaa hijabu. Ushungi wa krepu au wa jezi (kile kitambaa cha kuvutika kama cha fulana), upi hautelezi bila pini nyingi? Na sweta jeupe juu ya mikono mifupi hukubaliwa, au atafute gauni la mikono mirefu? Waliopitia naombeni majibu.