Mrejesho: nimechokonoa faili la Super Mario Bros., haya ndiyo niliyoyakuta

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama ukiharibu makusudi baiti za gemu la zamani unaweza kukuta vilivyofichwa, mkanielekeza nianze na Super Mario Bros. ya 1985 kwa kuwa faili lake ni dogo. Asanteni sana.

Faili lina baiti 40,976: utambulisho 16, programu 32,768, na 8,192 za mwisho ni za picha pekee. Ukivuruga picha, gemu linaendelea kucheza ila Mario anakuwa viraka. Ukivuruga programu ovyo, mara nyingi skrini inaganda.

Utamu wenyewe niliukuta kwenye kumbukumbu (RAM) gemu likiwa linacheza. Anwani 075F ndiyo inayotunza namba ya dunia (yaani kundi la hatua), ikihesabu kuanzia sifuri. Nikaweka 35, nikaliacha gemu lipakie hatua. Juu ya skrini, panapoandikwa dunia na hatua, ikatokea "-1"! Kumbe ni dunia ya 36; gemu huonyesha namba ya dunia kwa kigae (kipande kidogo cha picha) chenye namba hiyohiyo, na kigae namba 36 hakina mchoro, kwa hiyo panabaki nafasi wazi kabla ya kistari. Ndani ni maji, ramani ileile ya 2-2 (dunia ya 2, hatua ya 2), na bomba la kutokea linakurudisha mwanzo bila kikomo.

Hakuna aliyeificha dunia hiyo. Orodha ya dunia ina nafasi 8 tu. Ukiipita, gemu linasoma baiti za orodha inayofuata na kuzichukulia kama dunia halali. Nimefurahi mno kuliona hilo kwa macho yangu. Sasa najaribu namba za juu ya 35, moja moja.