Tuko saba, mmoja hali nyama: Dar tunywe wapi chai ya saa nne?

Dada wa Kimara

Habari za jioni wakuu.

Dada yangu anakuja kutoka Sweden na mumewe na watoto wao wawili. Wanafikia kwangu Kimara, na mama anashuka kutoka Moshi kuja kuwaona wajukuu. Sasa dada ameshasema siku moja lazima tutoke tukale branchi. Ile ya kuamka bila haraka, mnakaa mezani saa nne mpaka saa saba, chai na chakula vinachanganyika. Nimeitikia "sawa" kwenye simu, ila kichwani sina jina hata moja la mahali.

Kinachonitesa ni kundi lenyewe. Shemeji hali nyama wala samaki, mayai anakula. Mama ana sukari na meno yake si ya kuyategemea. Wifi yangu ni Mwislamu, penye kitimoto hakanyagi. Watoto wana miaka 6 na 9, pilipili wanaisikia kwa jina. Mfukoni nina laki mbili na nusu, nauli humo humo.

Msinielekeze mahotelini tafadhali. Mwaka jana nilipeleka wageni hoteli moja ya ufukweni, jina nalihifadhi. Kichwa 75,000, tulikuwa wanne, nikajua laki tatu basi. Bili inakuja 354,000. Kumbe VAT ya asilimia 18 iko pembeni, wameiandika chini kabisa kwa herufi za sisimizi. Na chakula cha asiyekula nyama kilikuwa tango na tikiti maji.

Tumepanga Jumamosi tarehe 30. Natanguliza shukrani.

Bwana Kongoro

Dada, hiyo branchi sisi tunayo tangu zamani, inaitwa supu. Njoo Sinza. Unakuta sufuria limefunikwa na sinia, jamaa anakuuliza "mapaja au mbavu?", unakatiwa ndimu, chumvi unatia mwenyewe, chapati inatoka kwenye kikaango inakuja imekunjwa mara nne. Mama wa Moshi mtafutie mtori, Sinza haukosekani. Ila muwahi. Saa nne na nusu mnakuta maji ya moto na mfupa.

Mama Sambusa

Bwana Kongoro umeusoma uzi au umeunusa tu? Mtu kasema shemeji hali nyama, wewe unamuuliza mapaja au mbavu. Na hizo sehemu zako nusu ni baa, viti bado vinanuka bia ya jana. Mama mtu mzima akae hapo na wajukuu?

Bwana Kongoro

Shemeji atakula chapati.

Mtoto wa Upanga

Dada, nimekulia mjini kati, nisikilize mimi. Nenda Kisutu. Pale kwenye mahekalu ya Wahindu kuna migahawa ambayo nyama haiingii jikoni kabisa, na mingine hata yai hawaligusi, ukiomba omleti watakushangaa. Shida ya shemeji imeisha, na wifi hana cha kuogopa, kwa sababu asipokula mnyama mwenye mgahawa, kitimoto kitatoka wapi?

Agizeni masala dosa. Ni kama chapati ya maji, ila nyembamba na kavu, ya mchele na dengu zilizolowekwa, zikasagwa, zikaachwa usiku kucha zichachuke. Ndani kuna viazi vya bizari. Inakuja na chatine ya nazi na kibakuli cha sambari, mchuzi wa dengu wenye ukwaju. Mama muagizie idli, unga ni wa namna ile ile lakini unapikwa kwa mvuke. Ni laini, hata asiye na jino moja anakula. Watoto wape puri na viazi, ile puri inakuja imevimba kama puto, wataanza kuitoboa kabla hujawaambia wanawe mikono.

Halafu palepale Kisutu kuna K-Tea Shop, kwa wanaotaka kebabu na chai yao. Pale si pa kukaa muda wa saa tatu, ni pa kula na kuangalia watu wanavyopita. Anzeni na dosa, mmalizie huko.

Konda Mstaafu

Naona hakuna aliyeangalia kalenda. Tarehe 30 ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Maduka na migahawa inasubiri saa nne ndiyo ifungue, na hapo ndiyo kwanza wanawasha majiko. Utawasimamisha wageni wako barabarani wakitazama watu wanazibua mitaro.

Sogezeni Jumapili. Mjini Jumapili kumetulia, watoto wanavuka barabara bila kushikwa shati. Toka Kimara pandeni mwendokasi mshuke kituo cha Kisutu, mko mlangoni. Ila Jumamosi jioni pigeni simu kwanza, mingine Jumapili ina saa zake.

Dada wa Kimara

Konda ubarikiwe, hiyo ya usafi ilinitoka kabisa. Tumehamia Jumapili.

Mtoto wa Upanga, pilipili ya hiyo sambari ikoje kwa watoto?

Mtoto wa Upanga

Ipo, lakini haiui. Wapeni chatine ya nazi peke yake kwanza. Ile ya kijani ya kotimiri msiwape, huko kuna pilipili mbichi imejificha.

Nesi wa Zamu

Kuhusu mama. Chai ya maziwa kwenye migahawa mingi inapikwa na sukari humo humo kwenye sufuria, kwa hiyo kusema "usiniwekee sukari" hakusaidii, ilishawekwa asubuhi. Muombee chai ya rangi, sukari ije pembeni. Idli, dosa, chapati na hata huo mtori wa Bwana Kongoro vyote ni wanga, kwa hiyo ni suala la kiasi. Idli mbili na sambari ya kutosha, dengu zitamshibisha. Na kama anatumia dawa za sukari msimkalishe njaa mpaka saa nne eti mnasubiri branchi. Ale kidogo nyumbani kwa saa yake.

Mpemba Halisi

Mnanishangaza, watu wote hawa na hakuna aliyetaja urojo! Mchuzi wa embe mbichi na bizari, unga kidogo uushike, ndani kachori, bajia, kiazi, chatine ya nazi, juu chipsi za muhogo. Wa shemeji mwambie muuzaji asitie mishikaki, basi. Mtoto wa Upanga unajua fika kwamba mitaa ya kwenu upo.

Mtoto wa Upanga

Upo, naujua na naula. Lakini sheikh, urojo saa nne asubuhi?

Mpemba Halisi

Kwani embe lina saa?

Mama Sambusa

Dada, hata mkienda Kisutu siku nyingine mtakula kwingine, kwa hiyo shika hili. Usimwambie mhudumu "huyu hali nyama". Ataitikia vizuri kabisa, kisha alete kuku. Kwetu kuku si nyama, ni kuku. Nimeyaona kwa macho yangu, mgeni wangu aliletewa wali na paja akaambiwa "hii haina nyama mama". Taja kimoja kimoja: ng'ombe hali, mbuzi hali, kuku hali, samaki hali, dagaa hali. Halafu uliza maharage yameungwa na nini. Wapo wanaoyaongezea supu ya mifupa yapate ladha, na hawakuambii mpaka uulize. Mbaazi za nazi ndiyo salama zaidi, ukiwa na vitumbua au mkate wa kumimina humkumbuki ng'ombe.

Abiria wa Msasani

Naongeza moja la akiba: migahawa ya Kihabeshi huku Msasani. Wahabeshi wa Kiorthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, siku hizo hakuna nyama, maziwa wala mayai, kwa hiyo kupika bila nyama kwao si jambo la kubahatisha. Sinia moja, injera, ule mkate wao mpana kama chapati, imetandazwa, juu mboga na shiro ya unga wa dengu, mnakula wote kwa mkono. Kahawa wanakaanga mbele yenu. Ila huo ni mlo wa mchana, msiende saa nne mkagonga mlango.

Dada wa Kimara

Nimechukua Kisutu. Msasani nitampeleka dada peke yake, tukiwa na ya kuongea. Nitaleta mrejesho.

Dada wa Kimara

Mrejesho kama nilivyoahidi.

Jumapili saa nne kasoro robo tulikuwa tumeshakaa. Dosa ilikuja ndefu kuliko sinia, imening'inia pande zote mbili, yule wa miaka 6 akaishika akaifanya darubini akaanza kumchungulia bibi yake. Shemeji alikula mbili, akaomba idli za kuonja, akamaliza na sambari ya mama. Kila dakika anauliza "na hii je, naruhusiwa?" Kumwambia mtu katika nchi yetu kwamba humu ndani vyote ni vyako, sijawahi.

Mama aliiangalia idli muda mrefu, akaibonyeza kwa kidole, akasema ni kitumbua kilichosahau sukari. Akala mbili kama nesi alivyosema, chai ya rangi. Tulikaa mpaka saa sita na hakuna aliyetufukuza kwa macho. Bili 96,000 watu saba, na nilikuwa nimeuliza VAT kabla ya kukaa, bei ilikuwa nayo ndani.

Wifi alikwenda kutufungia kebabu za njiani. Tukachukua gari, tukapita Daraja la Tanzanite, watoto wameganda dirishani wanaangalia bahari, tukatokea ufukwe wa Coco. Mihogo ya kukaanga na kachumbari, pilipili pembeni. Shemeji tena. Sijui anaweka wapi.

Sasa Bwana Kongoro, hili ni lako. Usiku mama ananivuta jikoni ananong'ona, "Mwanangu, chakula cha Wahindi kizuri, lakini kesho nipate mtori." Jumatatu saa mbili asubuhi tulikuwa Sinza.

Bwana Kongoro

Nilisema mimi. Chapati ngapi?

Dada wa Kimara

Nne. Mbili za shemeji, kavu.