Tupeane uzoefu: soketi ya chaji inayozima pamoja na swichi ya gari

Mwanzisha mada, Mtwara mjini
Wakuu, habari za jioni. Naomba tukusanye uzoefu wa jambo moja: kuunga soketi ya chaji, ile ya laita, ili ikate moto ufunguo ukizimwa. Naanza na yangu.

Gari ni Noah. Soketi yake ya kiwandani haina shida, inazima na swichi kama Toyota nyingi za Japani. Shida ilikuwa ya pili, niliyofungiwa kule nyuma kwa ajili ya friji dogo la vinywaji. Fundi alivuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaniambia "hii haizimi, utafurahi". Na kweli nilifurahi, wiki tatu.

Siku moja ya Desemba nilirudi jioni, nikazima gari, nikasahau friji limechomekwa. Saa 10 alfajiri namtoa mama, tuna safari ya kliniki Ndanda. Ameshakaa, faili lake mapajani, kitenge kimefunika miguu. Naweka ufunguo: tik-tik-tik, taa za dashibodi zikafifia hadi zikapotea. Friji lile linakula kama ampea 4 likizunguka, na kwa joto la huku mwezi wa 12 halipumziki. Betri yangu ni ya ampea-saa 45. Piga hesabu ya saa 9.

Vijana wawili wa jirani walisukuma, haikuwaka kwa sababu ni otomatiki. Tulikaa mpaka kukacha akapita mwenye waya wa kubusti. Mama hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Mwenye uzoefu wa kulimaliza hili vizuri naomba aseme.

Fundi umeme wa magari, Masasi
Kijana, pole, na mfikishie mama salamu. Mimi kazi hii nimeifanya miaka mingi, na mwanzoni niliikosea.

Nilikuwa natafuta waya unaopata moto ufunguo ukiwa ACC, ile hatua ya redio kabla ya ON, nachuna, naungia soketi hapo hapo. Inazima na swichi, mteja anaondoka ameridhika. Baadaye Hiace moja ikarudi, mwenyewe anachajia simu za abiria na kuendesha inveta ya kompyuta kwenye soketi ile ile. Swichi ya ufunguo ilikuwa imeungua ndani: shaba nyeusi, plastiki imelegea kama nta. Ile swichi haikutengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Nilimbadilishia kwa gharama yangu.

Tangu hapo natumia rilei, swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Waya wa ACC unabaki na kazi moja, kuiamsha rilei. Mzigo wenyewe unatoka kwenye betri. Geuza rilei uitazame chini, namba zimeandikwa: 30 inapokea moto wa betri, 87 inakwenda kwenye soketi, 86 inapokea ACC, 85 inakwenda kwenye bodi, yaani chuma cha gari, upande wa hasi. Ukizima ufunguo rilei inaachia, unasikia "tak", soketi imekufa.

Fyuzi ikae karibu na betri, siyo kule kwenye soketi. Waya ukichunika katikati ya safari yake ukagusa bodi, fyuzi iliyo mwisho wa njia haikusaidii chochote. Na unapopenyeza waya kutoka kwenye injini kuingia ndani, pita kwenye mpira uliopo. Tundu tupu la bati ni kisu.

Mkazi wa Mingoyo
Naunga mkono habari ya fyuzi. Yangu ilikuwa ya ampea 15, ile ya bluu, ikawa inakata nikichomeka pampu ya matairi. Nikaambiwa weka ya kijani, ya 30. Haikukata tena. Kilichoungua ni waya, ulikuwa mwembamba kama wa spika. Niligundua kwa harufu, nikainua zulia nikakuta plastiki yake imeshikana na manyoya. Mwanangu alikuwa amelala siti ya juu yake.

Fyuzi ikikata inakupa taarifa. Ongeza unene wa waya kwanza, fyuzi baadaye.

Dereva wa Canter, Newala
Sisi wa magari makubwa tuna balaa letu. Canter yangu ni ya volti 24, betri mbili. Msimu wa korosho unaweza kukaa foleni ya ghala siku mbili, simu ndiyo kila kitu. Niliungiwa soketi ya volti 12 kutoka betri moja. Baada ya miezi kadhaa ile moja ikawa imechoka, mwenzake anachemka maji kwa kuchajiwa kupita kiasi. Nilinunua zote mbili upya. Sasa nina kile kifaa cha kushusha 24 kuwa 12, na kinaamshwa na ACC. Foleni ikiwa ndefu nawasha gari robo saa, nazima.

Dada wa samaki, Kilwa Masoko
Jamani, msiseme kila soketi lazima izime. Mimi nikishuka sokoni kununua changu na jodari, friji likizima na ufunguo mzigo wa asubuhi unaharibika. Nimeacha la kwangu linawaka, lakini lina kile kikinga cha betri: volti zikishuka mahali nilipopaweka, linajizima lenyewe. Nimepaweka juu, nikiwa na uhakika gari litawaka. Nimeanza kujikusanyia hela za betri ya pili ya friji peke yake.

Mwanzisha mada
Dada, umenifungua macho, sikujua kama kikinga kinapangwa. Mzee wangu wa Masasi, shikamoo. Swali: nitajuaje waya niliochagua ni ACC kweli?

Fundi umeme wa magari, Masasi
Marahaba. Chukua taa ya kupimia. Ufunguo umetolewa, taa isiwake. ACC, iwake. ON, iwake. Ukipiga stata itazima kidogo halafu itarudi, hiyo ni kawaida. Usiguse waya wa njano unaokwenda kwenye mfuko wa hewa wa usukani. Nimewahi kuona mtu amechukua waya usiozima akaupeleka kwenye 86: rilei ilikuwa ya moto usiku kucha, gari haliwaki baada ya siku chache, na kila mtu analaumu betri.

Mkazi wa Mikindani
Huku kwetu hewa ina chumvi. Kiungo cha kusokota na kufunga tepu, ndani ya mwaka shaba imekuwa kijani. Lehemu, halafu mpira wa kusinyaa kwa moto. Na sehemu ya bodi kwangua rangi mpaka uone chuma, kaza, paka grisi.

Mwanzisha mada
Nimefunga jana kama mlivyoeleza: rilei, fyuzi ya 15 karibu na betri, waya wa milimita 2.5. Usiku nimeacha friji limechomekwa makusudi. Asubuhi mita imesoma volti 12.5, gari limewaka mara moja. Kliniki ya mama ni Jumanne. Dada wa Kilwa, ukifunga hiyo betri ya pili, tafadhali utuonyeshe ulivyoziunganisha.