Darasa la tano na sehemu: naombeni mbinu za kufundishia, hasa mlioko Mwanza

Ticha wa Igombe
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nafundisha hisabati darasa la tano, shule ya msingi huku kandokando ya ziwa, Ilemela. Watoto wangu si wajinga hata kidogo. Wengi wakitoka shule wanashinda mwaloni, soko la samaki ufukweni, na mama zao. Mtume mmoja akanunue dagaa, chenji anairudisha kamili na juu yake atakwambia muuzaji gani anapunja. Sasa andika ubaoni 1/2 + 1/3 uone. Wengi wanakuletea 2/5. Juu kwa juu, chini kwa chini, kalamu chini, anaangalia dirishani. KDS (kigawe kidogo cha shirika) nimeeleza mpaka koo limekauka. Wanakariri hatua, wiki ikipita ni 2/5 tena.

Vifaa vya kununua sina uwezo navyo na darasa limefurika. Nataka michezo au vitu vya kuokota ambavyo mtoto atashika kwa mkono. Na msinitajie projekta, umeme wenyewe unaishia ofisi ya mwalimu mkuu. Nawasilisha.

Mama Sado
Pole mwalimu. Mimi niko Mwaloni Kirumba. Chukua ndoo ya lita 20 na sado ya lita 4, waulize sado ni sehemu gani ya ndoo, kisha wapime wenyewe. Ila pima maji, usipime dagaa! Dagaa sisi tunajaza kwa kilele, hizo sado tano hazitatoka na watoto watakubishia, tena wakiwa na haki.

Mstaafu wa Sengerema
Mleta mada, nimekaa na chaki miaka mingi. Kabla hujawapa njia, wafanye waone kwamba 2/5 haiwezekani.

Tafuta trei za mayai, zile za karatasi. Trei ina vishimo 30, mistari 5 ya vishimo 6. Kila kikundi trei moja na vizibo vya soda. Waambie wajaze nusu ya trei: vizibo 15. Halafu waongeze theluthi ya trei: 10. Jumla 25. Sasa waulize, 2/5 ya trei ni vizibo vingapi? Watahesabu, watapata 12. Hapo nyamaza kabisa. Atatokea mmoja atasema, "Mwalimu, mbona tulianza na 15?" Umeongeza kitu juu ya nusu halafu jibu likawa dogo kuliko nusu! Huyo mtoto ndiye atawafundisha wenzake, wewe kaa pembeni.

25 kati ya 30 ni 5/6, wataiona hata kwa macho: igeuze trei iwe mistari 6 ya vishimo 5, mitano imejaa. Zoezi linalofuata, wape 1/4. Trei itagoma, 30 haigawanyiki kwa 4. Hapo leta kreti ya soda yenye nafasi 24. Swali la "chombo chenye nafasi chache kabisa zinazogawanyika kwa namba zote mbili za chini kina nafasi ngapi" ndiyo KDS yenyewe, na wameifikia bila wewe kuitaja.

Kamanda Busisi
Mnachezea muda tu. Mtihani wa darasa la saba hauji na trei wala vizibo. Wakariri hatua, wapige maswali 50 kila siku, basi.

Mstaafu wa Sengerema
Mkuu, maswali 50 ya kukosea kwa namna ileile yanamkomaza kwenye kosa. Trei ni ya vipindi viwili vitatu, kisha wachore trei kwenye daftari, kisha wanaacha kuchora. Maswali yako 50 yaje hapo, sina ugomvi nayo.

Kete Namba Moja
Kwa kugawanya kwenye baki, bao. Tumia mashimo 16 ya mchezaji mmoja, yape namba. Mtoto yuko shimo la 13, ana kete 5, anaanza kusambaza shimo linalofuata. Kabla hajagusa, aseme kete ya mwisho itaangukia wapi. 18 toa 16, shimo la 2. Akikosea zamu inahama. Bao lenyewe la ushindani waachie wazee, watoto watakesha kwenye sheria tu.

Mvuvi Msomi
Ukifika desimali: sheria hairuhusu kuvua sangara wa chini ya sentimita 50. Chora samaki kwa chaki sakafuni, mmoja mita 0.5, mwingine mita 0.45, uliza yupi atakupeleka polisi. Wengi watasema wa 0.5, kwa sababu 45 ni kubwa kuliko 5. Wape rula wapime wenyewe.

Na wenye TV nyumbani waambie watazame Ubongo Kids, katuni ya hapahapa Tanzania, hesabu kwa Kiswahili na nyimbo juu.

Ticha wa Igombe
Wabeja sana wakuu! Hilo la 12 na 15 limeniingia. Kamanda nawe sijakupuuza, mazoezi yatakuwepo. Tatizo langu sasa ni trei, nahitaji kama ishirini hivi.

Chipsi Nyakato
Ticha, trei sisi tunawashia mkaa. Njoo PM nikuelekeze kijiweni, ila uwahi kabla ya saa kumi jioni, jiko likishawashwa hukuti kitu. Vizibo muulize jirani yangu wa baa, anavyo gunia zima.