Re: Siku tatu Addis na watoto: wakati wa kwenda Dar au wa kurudi?

Kutoka: Mama Nuru, Leicester

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za huko.

Mwezi wa saba tunakwenda Dar na watoto wawili, mmoja wa miaka mitano, mwingine wa mwaka mmoja na nusu. Ndege inapita Addis Ababa, na nimeona tukishuka pale siku tatu nauli haipandi sana. Natafuta mji wenye ubaridi kidogo, watoto wacheze, mimi na baba yao tupumzike. Baba Nuru anataka tukae wakati wa kwenda, ili watoto wasifike Dar wamechoka. Mnaonaje? Na mji wenyewe una nini cha watoto wadogo?

Kutoka: Mama Salha, Stockholm

Marahaba mdogo wangu. Kaeni wakati wa kurudi.

Kwanza ni wazee. Mama mkwe akishasikia mmetua Afrika, kila usiku mnaolala Addis ni usiku ambao wajukuu zake wako kwa watu. Atanyamaza, lakini ataliweka moyoni. Nendeni moja kwa moja, mkamwamkie, ale nao, awabebe.

Pili, uchovu wa kweli hauko kwenye ndege. Uko kwenye zile wiki za Dar: leo mmealikwa Mbagala, kesho Tegeta, foleni saa mbili kwenda na mbili kurudi, watoto wanalala saa tano usiku, na mama wa watoto hajakaa peke yake hata nusu saa. Tunawapenda ndugu zetu na tutaendelea kwenda, lakini mwili unachoka. Siku tatu Addis baada ya hapo ni dawa, maana hakuna anayekujua, na hakuna atakayekasirika kwamba hukupita kwake.

Tatu ni homa ya manjano. Ethiopia imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo. Ukilala Addis halafu ukaingia Tanzania, uhamiaji wanataka kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo hiyo, kwa kila aliyetimiza mwaka mmoja, kwa hiyo hata huyo mdogo wako anahusika. Kuunganisha ndege kwa saa chache tu hakuleti shida. Sharti linakuja ukizidisha saa 12. Wakati wa kurudi, Uingereza hawaidai kadi hiyo. Hata hivyo muulize daktari kuhusu chanjo yenyewe, kwa sababu kinga ni jambo moja na karatasi ya mpakani ni jambo jingine. Mkiamua kuchanja, iwe siku 10 kabla ya safari au zaidi.

Sasa mji. Addis iko mita 2,355 hivi juu ya bahari. Mwezi wa saba na wa nane ni msimu wao wa mvua kubwa, na mara nyingi mvua inashuka mchana. Kwa hiyo fanyeni jambo moja tu kwa siku, asubuhi, kisha mrudi hotelini mle, mlale, msikilize mvua. Ukianza kupanga mambo matatu kwa siku umeirudisha Dar.

Siku ya kwanza mngeenda Unity Park, ndani ya uwanja wa jumba la kifalme la Menelik II, iliyofunguliwa mwaka 2019. Kuna simba wa Kihabeshi wenye manyoya meusi shingoni, na uwazi wa kutosha mtoto kukimbia. Siku ya pili Makumbusho ya Taifa, saa moja inatosha. Pale ndipo kwa Lucy, mifupa ya kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu iliyopatikana Hadar, hukohuko Ethiopia, mwaka 1974, ya miaka milioni 3.2 hivi. Mwambie Nuru kwamba nyayo za Laetoli, kwetu Ngorongoro, wataalamu wengi wanasema ziliachwa na viumbe wa jamii hiyohiyo ya Lucy. Mtoto aliyezaliwa Leicester akijua hilo akiwa na miaka mitano, amepata kitu cha kujivunia.

Entoto iwe ya mwisho. Ni mlima wenye msitu wa mikaratusi juu ya mji, na tangu 2020 kuna bustani kubwa yenye viwanja vya michezo ya watoto, farasi na migahawa. Lakini unapanda kuelekea mita 3,000, na baridi yake si ya mzaha. Zile sweta mtakazovaa mkirudi Uingereza ziwekeni kwenye begi la mkononi, msizifungie chini ya dagaa na unga wa muhogo.

Hoteli chukueni karibu na Bole, kwenye uwanja wa ndege. Kigari cha mtoto kinapita vizuri kwenye barabara kuu zilizotengenezwa upya hivi karibuni, ila ukiingia mitaa ya ndani ni mawe na matope. Khanga ya kumbebea mgongoni isikose.

Kutoka: Baba Kiprono, Toronto

Mama Salha amesema vyema, lakini mpango huo ni wa watu wa Tanzania. Sisi wa Kenya tusome tena hapo kwa chanjo. Kenya nayo imo kwenye orodha hiyo ya homa ya manjano, kwa hivyo ukitoka Nairobi kwenda kulala Addis, Ethiopia inaweza kukuuliza kadi. Kwetu, kwenda au kurudi ni kulekule. Chanjeni watoto mapema, hiyo kadi siku hizi haiishi muda wake.

Jambo lingine ni viza. Mwenye pasi ya Kenya hahitaji viza kuingia Ethiopia. Lakini watoto wetu wengi wana pasi za huku, na hao wanahitaji viza, ni vyema waombewe mapema kwenye mtandao, kila mtoto yake. Usifike kaunta ukidhani pasi ya baba inatosha familia nzima.

Na mwambie kampuni ya ndege unataka kukaa njiani, iandikwe kwenye tikiti hiyohiyo moja. Ukinunua tikiti mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa hiyo ya pili inakuacha na hakuna wa kumlilia.

Kutoka: Muuguzi mstaafu, Minneapolis

Wanangu, niongeze la afya tu.

Mji wa Addis wenyewe hauna malaria kwa sababu ya urefu wake. Lakini mtoto anayetoka Dar anaweza kuwa ameibeba. Akipata homa pale Addis, au mkiwa mmesharudi Leicester, hata baada ya wiki kadhaa, apimwe malaria siku hiyohiyo, na mwambieni daktari mmetoka wapi. Huku Ulaya na Marekani wanaweza kudhani ni mafua. Dawa ya kinga aliyoandikiwa isikatizwe kwa sababu mmefika kwenye baridi. Imalizeni kama mlivyoelekezwa.

Kuhusu hewa nyepesi: watoto wengi wazima hawasumbuki sana kwenye urefu huo. Anaweza kulala vibaya usiku wa kwanza, akakosa hamu ya kula au kulalamika kichwa. Mpe maji mara kwa mara, siku ya kwanza asikimbizwe. Akitapika, akawa mlegevu au akahema kwa shida, msipande Entoto, mpelekeni hospitali. Mwenye tatizo la moyo au mapafu amuulize daktari wake kabla hata ya kukata tikiti. Na jua la huko juu linachoma ingawa kuna baridi. Kofia.

Kutoka: Mama Nuru, Leicester

Asanteni sana, na shikamoo mama wa Minneapolis. Baba Nuru amesoma yote na amekubali: wakati wa kurudi. Limebaki la chakula. Nuru hali pilipili kabisa, na sisi tunakula halali.

Kutoka: Mama Salha, Stockholm

Hapo usiwe na wasiwasi. Agiza alicha, ni mchuzi wa manjano usio na pilipili, na injera yake, ule mkate wao mpana na laini wenye uchachu kidogo. Tambi ziko kila mgahawa tangu enzi za Waitaliano. Juisi zao nzito za parachichi na embe, zilizopangwa tabaka tabaka kwenye glasi, huyo mdogo atazimaliza, ila waambieni wasitie maji ya bomba wala barafu. Nyama: Waislamu na Wakristo kule kila mmoja ana bucha lake, kwa hiyo waulize hotelini mgahawa wa Kiislamu wa jirani watakuonyesha. Pia Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi wengi wanafunga, wanakula vyakula visivyo na nyama, maziwa wala siagi. Sinia la siku hizo limejaa dengu, kabichi na viazi, na kwetu sisi halina shaka yoyote.

Saa, dereva akikwambia saa mbili asubuhi, ni saa mbili yetu, wanahesabu kama sisi. Tikiti ndiyo ina saa za kizungu. Ndege nyingi za Ulaya zinaondoka Addis karibu na usiku wa manane, kwa hiyo ukiona imeandikwa 00:45 tarehe 15, mnatakiwa uwanjani tarehe 14 usiku. Lipieni chumba na usiku huo pia, watoto walale mpaka saa tatu usiku ndipo mwabebe.