Nahamishiwa Chake Chake, mke ana mimba ya wiki 26 na mshono wa zamani. Nimwache Unguja au tuhame sote?

Mwalimu_wa_Hesabu (mleta uzi)

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Wiki iliyopita nimepata barua ya uhamisho. Natoka skuli moja ya Unguja, nakwenda kusomesha Chake, na natakiwa niripoti tarehe mosi Juni. Mie ni mzaliwa wa Unguja. Pemba nimefika mara mbili tu, zote harusini, nikala biriani nikarudi na boti. Mji siujui.

Kinachonikosesha usingizi ni mke wangu. Mimba yake ina wiki 26, anatarajia mwisho wa Agosti. Hii ya pili. Ya kwanza, 2021, alizaa kwa kupasuliwa katika hospitali moja ya hapa Unguja, jina niache. Tulifika magharibi, akakaa na uchungu hadi karibu na alfajiri ndipo akaingizwa thieta, na mpaka leo hakuna aliyetwambia kwa nini. Tulikabidhiwa mtoto, dawa za maumivu, na "haya nendeni". Mtoto mzima, alhamdulillahi.

Sasa nyumbani pamegawika. Mkwe wangu anasema binti yake haondoki Unguja mpaka arubaini iishe. Mama yangu mzazi anasema mke hukaa na mumewe. Mwenyewe nikimuuliza anasema "popote", na mie nimeishi naye miaka sita, najua "popote" yake si popote.

Wanaoijua Chake naomba mnisaidie. Mwenye mshono wa zamani azalie wapi? Hapo mjini panatosha au mpaka Mkoani? Na boti ataipanda vipi kusi likivuma? Nyumba nimetafutiwa Machomanne.

Karafuu_Kavu

Karibu Pemba yakhe. Biriani ya harusi umeshakula, sasa utakula muhogo kama watu. Mambo ya uzazi nawaachia wenyewe, mie nakaa pembeni nasoma.

Mtoro_wa_Wete

Mwache Unguja, usijitie mashaka. Mgonjwa wa Pemba akizidiwa anapelekwa wapi? Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Sasa wewe umtoe huko huko Mnazi Mmoja umlete huku, kisha mambo yakienda kombo umrudishe kwa ndege? Mie mama yangu nilimsafirisha hivyo kwa ugonjwa wa moyo, najua gharama yake na najua kihoro chake.

UmmuSalha

Mtoro, moyo na uzazi ni mambo mawili. Nina mshono tangu mtoto wa kwanza, na waliofuata wawili nimewazalia Pemba hii hii.

Wa 2019 nilizalia hospitali ya Chake, ile iliyo ubavuni mwa ngome kongwe. (Wazee husema sehemu kubwa ya ngome ilibomolewa ili hospitali ipate pa kukaa, na kweli ukiwa uani unaona kuta za zamani.) Uzuri wake ni kwamba ipo katikati ya mji, jamaa wanakuletea uji ungali moto. Ubaya wake, wodi ya wazazi ilikuwa imejaa, nikashea nafasi na mama wa Ndagoni aliyekoroma usiku kucha.

Wa 2022 nilikwenda Abdalla Mzee, Mkoani. Hiyo imejengwa upya kwa msaada wa China, ikafunguliwa 2016, na Wachina wenyewe wapo. Zanzibar inaletewa madaktari wa Kichina tangu 1964, kutoka jimbo la Jiangsu. Aliyenipasua alikuwa na maneno mawili ya Kiswahili, "pole" na "tayari". La pili alilisema mapema kuliko nilivyotaraji nikamwona mwanangu.

Nilipokwaruzana na watu ni huku mitaani. Kituo kimoja cha afya kilinirudisha mara mbili eti kadi yangu si ya pale. Kwa hivyo mkihamia, wiki ya kwanza tu mkamwandikishe kliniki mpya. Msingoje.

Mkunga_Mstaafu

Mwanangu, nimezalisha miaka 31, na 19 kati ya hiyo ni Pemba. Nitakujibu kwa urefu, kaa kitako.

Umeuliza hospitali gani. Mie nakuuliza mkeo alikatwaje. Kovu la nje lisikudanganye, kuna mwenye kovu la kulala kwenye ngozi na ndani tumbo la uzazi limekatwa wima. Aliyekatwa kwa kulala, sehemu ya chini, daktari akiridhika anaweza kujaribu njia ya kawaida. Aliyekatwa wima juu hajaribu, anapangiwa siku. Hilo limo kwenye faili, na faili liko Unguja uliko sasa. Kabla hujafunga hata sanduku moja, nenda pale alipopasuliwa na tarehe aliyolazwa, uombe muhtasari wa operesheni: kwa nini alipasuliwa, walikata wapi, alipoteza damu kiasi gani. Wakikwambia njoo kesho, nenda kesho. Wakikwambia tena njoo kesho, muone daktari dhamana.

Tunachokiogopa ni kovu kuachia katikati ya uchungu. Kwa aliyepasuliwa mara moja kwa mkato wa kulala, akijaribu kuzaa kawaida, humtokea takriban mmoja katika 200. Utasema ni wachache. Lakini akiwa ndiye yeye, hamna muda wa kumwamsha dereva. Ndiyo maana asizalie nyumbani wala kituo cha mtaani, hata mkunga wa hapo awe fundi kunishinda mie. Azalie palipo na thieta na damu. Kwa Pemba, waliozoea kazi hiyo ni Abdalla Mzee, Chake na Wete. Kuna pia hospitali mpya za wilaya, kwa Chake ni Vitongoji, si mbali na mjini. Nenda kwa miguu yako, muulize mkuu wa wodi ya wazazi swali moja: saa nane ya usiku daktari wa kupasua na wa usingizi wako hapa au wanaitwa kutoka majumbani? Jibu lake litakwambia mengi kuliko rangi ya jengo.

Pili, picha ya utrasaundi. Mwambie anayempiga aangalie kondo la nyuma limekaa wapi. Likiwa limejikita chini juu ya kovu, hapo nakubaliana na Mtoro, azalie Mnazi Mmoja na hakuna mjadala.

Tatu, mkweo. Kwa heshima zote, asimpe binti yake dawa za kuongeza uchungu, zile za mizizi tunazozijua sote. Mwenye kovu akisukumwa na dawa isiyo na kipimo, tumbo la uzazi linaweza kupasuka. Nimeona mara mbili, na sitaki kusimulia.

Dalili za kutoka mbio: damu, chupa ya maji kupasuka, mtoto kutocheza, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba. Na kwake yeye khasa, maumivu ya kovu yasiyoachia wakati uchungu wenyewe umeachia. Hayo yote ayajue yeye, si wewe peke yako.

Dereva_603

Mwalimu, mie naendesha Chake–Mkoani. Saa tatu usiku ukiitafuta daladala ya 603 utaikuta imelala kama mwenyewe. Ni kilomita kama 30, vilima na kona. Daladala inakula saa na zaidi kwa kushusha na kupakia, gari ya kukodi haichukui muda huo. Tafuta madereva WAWILI wa mtaani kwako, si mmoja, upatane nao bei mapema. Huwa nawaona watu wanagonga milango usiku, bei inapatanwa huku mgonjwa analia. Na Agosti karafuu zikiwa nyingi, kuna madereva wanahamia mashambani. Usiseme sikukwambia.

Mwalimu_wa_Hesabu

Mkunga, nimesoma mara tatu. Wallahi hakuna aliyewahi kunambia habari ya mkato wa ndani na wa nje. Kesho nakwenda kuomba faili.

Na damu? Mke wangu ni kundi O chanya. Naichangia wapi?

Mkunga_Mstaafu

Muulize hospitali atakayozalia, watakwambia lini mchangiaji aje. Usitegemee mwili wako tu. Mwanamme huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, na siku yenyewe huenda ukawa na homa. Walimu wenzako watakufaa, chai ya saa nne mkikaa ofisini watajie. Na wingi wa damu yake mwenyewe upimwe sasa. Ikiwa chini ya 11, anywe vidonge vya chuma bila kuruka, asivinywe na chai, chai inazuia chuma kisiingie mwilini.

Kijana_wa_Madungu

Ukifika, kwa sheha, mkuu wa shehia, utakwenda tu kujiandikisha ukaazi. Hapo hapo muulize mhudumu wa afya wa jamii wa shehia yako ni nani, wale wa Jamii ni Afya wanaopita majumbani na simu. Wa kwetu alimfuatilia dada yangu mpaka tukamchoka, lakini presha ilipopanda ni yeye aliyeanza kusema "hapa tunakwenda hospitali".

Na kwa vile ni mtumishi wa umma, ule Mfuko wa Huduma za Afya ulioanza 2023 unakuhusu. Hakikisha mke ameandikwa jina sawa sawa na kitambulisho chake. Herufi moja tu inakupotezea asubuhi nzima.

Mtoro_wa_Wete

Haya, mie nimeonekana mwoga. Lakini hamjajibu habari ya boti.

UmmuSalha

Boti avuke sasa, mwisho wa Mei, wala asingoje Julai. Mjamzito mzima wa wiki 28 boti haimdhuru, inayomdhuru ni kutapika bila kunywa maji. Akae chini, katikati, karibu na choo. Ndege ni kama nusu saa, ila mashirika mengi hutaka barua ya daktari baada ya wiki 28, na wiki ya 36 wanakukatalia. Akishavuka asirudi rudi.

Na kaka, samahani nikuulize. Uzi mzima huu, mkeo yuko wapi? Tunampangia kama tunagawa shamba.

Mwalimu_wa_Hesabu

Hapa anaandika mke. Amenipa simu, yeye yuko jikoni anajifanya anaosha vyombo.

Ahsanteni nyote. Mimi siiogopi Pemba. Ninachokiogopa ni usiku ule wa 2021. Nilikuwa peke yangu, mume amezuiwa mlangoni, mama hajafika, kila anayepita ananiambia "bado". Kwa hivyo Mkunga, swali langu ni hili: wapi wataniruhusu nikae na mtu wangu mmoja? Nikijua hilo, hata Micheweni nitakwenda.

Mkunga_Mstaafu

Binti yangu. Hilo ndilo ningeuliza na mie.

Hutegemea wodi na nafasi, palipo na mapazia mwenza wa kike hukubaliwa kwa wepesi zaidi. Liulize mapema ukiwa kliniki, siyo usiku ule. Uliza mbele ya muuguzi mkuu, umtaje mtu wako kwa jina. Ukimpata mama yako akavuka nawe, nusu ya ugomvi wa nyumba yenu umekwisha.

Dereva_603

Shemegi, mtaani kwenu Machomanne yupo jirani yangu ana gari ya Noah na hana usingizi mzito. Mumeo aniandikie pembeni.

Mwalimu_wa_Hesabu

Nimerudi, siku tisa baadaye.

Faili limepatikana siku ya tatu, "njoo kesho" mbili kama alivyotabiri Mkunga. Mkato ni wa kulala, sehemu ya chini. Sababu imeandikwa mstari mmoja: mapigo ya moyo wa mtoto yalishuka. Mke wangu aliusoma mstari ule akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe si mimi niliyeshindwa." Miaka yote hii alikuwa akidhani hivyo, na mie nalala naye kitanda kimoja sikujua.

Tunavuka sote tarehe 29. Mkwe anakuja mwezi wa Julai, ameshasema atakwenda mwenyewe Mkoani kuitazama hiyo thieta kwa macho yake, na dawa za mizizi ameahidi kuziacha Unguja. Nimemuamini nusu.

Mkunga_Mstaafu

Na kondo la nyuma?

Mwalimu_wa_Hesabu

Picha ni Alkhamisi. Nitaandika.

Karafuu_Kavu

Muhogo nishachimba, mie nangoja Alkhamisi.